Mwalimu Asisaini Karatasi Tupu

Maneno yaliyosemwa Kibombo, tarehe 5 Oktoba, Siku ya Walimu Duniani

Kwa vijana watakaosoma maneno haya ku simu, kule Kindu, Bukavu, Goma ao Kinshasa, tunawaomba musome mpaka mwisho, juu sehemu moja ya maneno haya inatugusa sisi wenyewe.

Leo dunia inakumbuka walimu. Hapa kwetu Congo tuko na siku ingine, 30 Aprili. Siku mbili kwa mwaka tunavaa kitenge, tunatembea defile, tunasema mwalimu ni baba na mama wa inchi. Kesho yake mwalimu anarudi peke yake mbele ya darasa lililojaa, na kipande cha chaki alichokopa kwa jirani.

Leo hatukuja kumwimbia mwalimu. Tumekuja kuzungumza juu ya karatasi moja ambayo wengi wetu vijana hatukuijua: karatasi ya kotasio.

Kwa wale wasioijua, ni hivi. Mwaka wa shule ukikaribia kwisha, mkubwa wa shule anaandika juu ya kila mwalimu. Anafika kwa saa? Anatayarisha masomo? Anajua kushika darasa? Anaelewana na wenzake? Mwishoni anatoa neno moja: «Élite», «Très bon», «Bon», ao lile neno ambalo hakuna mtu analitaka, «Médiocre». Ni neno moja tu, lakini linatembea. Linaingia mu dosiye ya mwalimu, linapanda kwa wakubwa wa elimu. Siku wanatafuta mtu wa kupandisha cheo, ao mtu wa kuondoa, njo neno lile linafunguliwa.

Tuseme ukweli: sisi vijana tulianza na kosa. Tuliona watoto wa mwaka wa sita ambao hawawezi kusoma barua ya nyumbani. Tukakasirika. Katika kundi letu la WhatsApp mmoja akaandika: «Walimu wapewe pointi sawa vile wanapea watoto pointi. Anayeanguka afukuzwe.» Sisi wote tukaweka kidole juu. Wengine wakataka tutoe majina ya walimu wavivu ku mitandao, watu wote waone. Aliyetuzuia ni mwenzetu mmoja ambaye mwenyewe amefundisha. Alituuliza swali moja tu: «Munajua namna gani mwalimu anapewa pointi?» Hakuna aliyejua. Basi tukaenda kuuliza.

Tulikaa na walimu wa shule za serikali na wa shule za makanisa, wa msingi na wa sekondari. Tuliwasikiliza nyumbani kwao, juu kule shuleni watu hawasemi yote. Kitu cha kwanza kilichotushangaza: karibu hakuna aliyetuambia kwamba hataki kukaguliwa. Mama mmoja anayefundisha mwaka wa kwanza alisema hivi: «Mimi napenda mtu aingie mu darasa langu. Nikikosea aniambie. Miaka yote hii nafundisha watoto kusoma, na mpaka leo sijui kama nafundisha vizuri ao nafundisha tu.»

Kile walimu wanachokataa ni kitu kingine. Wanakataa kupimwa na mtu ambaye hakuingia darasani. Wanakataa kupewa neno ambalo hawalioni. Wanakataa pointi zinazofuata undugu, kanisa ao kabila, ama zinazofuata nani alimsaidia mkubwa kulima shamba lake. Baba mmoja alituambia: «Pointi zangu zinapanda mwaka ambao nacheka na mkubwa. Zinashuka mwaka ambao tumekosana. Kufundisha kwangu ni kulekule.»

Sasa tuwape habari ya mwenzetu yule aliyetuzuia. Tumemwomba ruhusa, na ametukubalia kwa sharti moja: tusitaje shule wala jina la mtu.

Alifundisha shule ya msingi, akiwa mwalimu NU, ni kusema yuko darasani lakini jina lake halijaingia kwenye orodha ya mishahara ya serikali. Mwezi wa tisa mwaka 2019, shule ya msingi ikaanza kuwa bure, sawa vile Katiba ya 2006 ilikuwa inasema tayari katika kifungu cha 43. Munakumbuka furaha ile. Watoto walijaa mpaka wengine wakakaa chini. Lakini kwa walimu wa NU ilikuwa pigo. Tangu miaka ya 1990 wazazi njo walikuwa wanalipa walimu, kupitia ile pesa ya kila mwezi. Pesa ile ikakatwa, na mshahara wa serikali haukufika kwa wote.

Mu shule yake wakaamua kuendelea kuchanga kimya kimya, na mtoto asiyeleta arudishwe nyumbani. Mwenzetu akakataa kurudisha watoto. Mwezi wa sita wakamwita ofisini, yeye na wenzake, mmoja mmoja. Mezani palikuwa karatasi ya kotasio. Ilikuwa tupu. Hakuna alama, hakuna neno. Akaambiwa: «Saini hapa chini, mimi nitajaza baadaye, mkaguzi anangojea.» Akasaini. Wote walisaini.

Miaka ikapita. Siku moja alifuata dosiye yake Kindu, kuuliza kwa nini wenzake wa shule ile wameingia kwenye orodha na yeye bado. Mtu mwema wa ofisini akamfungulia. Ndani akakuta «Médiocre», na chini yake sahihi yake mwenyewe.

Hatuwezi kuapa kwamba neno lile peke yake njo lilimzuia kulipwa. Walimu wa NU wako wengi ambao hawakupewa «Médiocre» na bado wanangoja. Lakini tunajua hili: mtu alibeba hukumu miaka mingi bila kujua kama alihukumiwa, na mkono wake mwenyewe ulitumiwa kuithibitisha.

Huyu ndugu yetu aliacha chaki. Leo anaendesha piki. Wengine wa kizazi chake wako kwenye machimbo ya dhahabu. Watoto aliowakatalia kuwarudisha nyumbani wakakosa mwalimu wa namna ile.

Sasa musidhani habari imeishia hapo. Sisi pia tulitaka iishie hapo, juu ilikuwa rahisi: mkubwa wa shule ni mbaya, mwalimu ni mzuri. Mwenzetu mwenyewe akasema hapana, twende tumsikilize. Tulikwenda naye kwa yule mzee, ambaye siku hizi amepumzika kazi. Akatupokea vizuri, akatutolea viti. Mwenzetu akamuuliza: «Papa, juu ya nini uliniandikia vile?»

Mzee akanyamaza kwa muda. Halafu akasema: «Mwanangu, mwaka ule sikuingia darasani mwako hata siku moja. Mimi mwenyewe nilikuwa nafundisha mwaka wa sita. Pesa ya kuendesha shule haikufika. Waliniomba karatasi za walimu wote kwa siku mbili. Wewe ulikuwa umenitia aibu mbele ya komite ya wazazi. Niliandika na hasira.» Akaongeza: «Na mimi pia nilisaini yangu bila kuisoma.»

Wandugu, neno hilo la mwisho njo lilitufungua macho. Mkubwa wa shule naye ana mkubwa wake, na karatasi yake pia iko inatembea.

Tukaanza kutafuta wakubwa wengine wa shule, wadirektere wa msingi na maprefe wa sekondari. Walitusomea mambo ambayo hatukuyajua. Wa kwanza alisema: «Nikiandika “Très bon” kwa wote, mkaguzi ananiuliza kwa nini basi watoto wanaanguka. Nikiandika ukweli, kesho sina mwalimu.» Wa pili: «Namna gani naweza kumwandikia “Médiocre” mtu ambaye serikali haijamlipa hata franka moja, na bado kila asubuhi anafika?» Wa tatu alicheka, akasema mwalimu wake mmoja ni mkwe wake, mwingine ni mtoto wa kiongozi wa kanisa linalosimamia shule, sasa tumwambie yeye anaweza kuandika nini. Mama mmoja direktere alisema kitu ambacho hatutakisahau: «Hakuna aliyenifundisha kukagua. Nilikuwa mwalimu mzuri, wakanipa shule. Siku ile ile nikawa hakimu wa wenzangu.»

Munaona? Mwalimu anaona kotasio kama fimbo. Mkubwa wa shule anaiona kama mzigo. Mkaguzi anaiona kama karatasi ya kupandisha juu. Na mtoto, ambaye yote hii inasemwa ni juu yake, hakuna anayemwona.

Kuna watu watatuambia: basi tuondoe kotasio kabisa. Hapana. Tumelikataa wazo hilo, na tunataka tuseme kwa nini. Mahali pasipo na kipimo, mwenye nguvu njo anachagua. Bila karatasi, cheo kitapewa kwa simu kutoka Kindu ao kwa bahasha. Tena mwalimu mzuri atabaki bila ushahidi wa uzuri wake. Yule mama wa mwaka wa kwanza ana haki ya kuambiwa kwamba anafundisha vizuri. Na mtoto ana haki kwamba mwalimu ambaye kweli hafundishi aambiwe, asaidiwe, na asipobadilika aache nafasi.

Kwa hiyo hatubishani kama walimu wapimwe. Tunauliza wapimwe namna gani, na nani, na mbele ya nani.

Hapa hatuna lazima ya kuvumbua kitu kipya. Munajua kwa nini siku ya leo ni tarehe 5 Oktoba? Ni kwa sababu tarehe 5 Oktoba 1966, kule Paris, mkutano wa mataifa ulipitisha andiko la UNESCO, pamoja na Shirika la Kazi la Dunia, juu ya hali ya walimu. Katika andiko lile, fungu la 63 linasema ukaguzi uwe wa kumtia mwalimu moyo na kumsaidia kazini, usimpunguzie uhuru wala wajibu wake. Fungu la 64 linasema kama kazi ya mwalimu inapimwa, ipimwe kwa haki bila upendeleo, na mwalimu ajulishwe alivyopimwa. Tena linasema mwalimu anayeona ameonewa awe na haki ya kukata rufaa. Yaani siku ile tunayovaa kitenge na kupiga picha, ndani yake kuna haki ambayo mwenzetu alinyimwa juu ya meza ya ofisi.

Tuangalie majirani pia. Tanzania, mwaka 2004, walianzisha kwa watumishi wa serikali mfumo walioita OPRAS, ni kusema upimaji wa wazi. Mwanzoni mwa mwaka mtumishi na msimamizi wake wanakubaliana malengo. Katikati ya mwaka wanaangalia wamefika wapi. Mwishoni mtumishi anajipa alama mwenyewe, msimamizi anatoa yake, halafu wanatafuta alama ya kukubaliana, na wote wanasaini. Je, ilikwenda bila shida? Hapana. Walimu wengi kule walilalamika kwamba imekuwa kujaza fomu tu, na siku hizi serikali imehamia kwenye mfumo wa kompyuta unaoitwa PEPMIS. Kenya nao, Tume ya walimu, TSC, ilileta mfumo wake wa TPAD mwaka 2016, na chama cha walimu KNUT kikaupinga, kikisema unawala walimu muda kwa makaratasi. Sisi tunachukua mafundisho mawili. La kwanza: inawezekana mwalimu kukaa mezani na kusema alama yake mwenyewe, dunia haianguki. La pili: fomu nzuri peke yake haifundishi mtoto. Tukibadilisha karatasi na tusibadilishe mazungumzo, tutakuwa tumepaka rangi ukuta unaoanguka.

Na kuna jambo lingine ambalo hatuwezi kuruka. Mkono mtupu haulambwi. Serikali inayotaka kumpima mwalimu ianze kujipima yenyewe. Munakumbuka mwezi wa kumi mwaka 2021, wakati wa mgomo wa walimu, wanafunzi wa Kinshasa waliingia mpaka Palais du Peuple, pale wabunge wanakaa, kudai walimu wao warudi darasani. Watoto wale walitoa kotasio yao kwa serikali, mchana, mbele ya watu wote. Hakuna aliyewaambia wasaini karatasi tupu.

Lakini tuwaambie walimu wetu pia, kwa heshima: kutolipwa ni sababu ya kudai, siyo sababu ya kumwacha mtoto mwaka mzima bila somo. Tulikutana na darasa ambalo mwalimu wake anafika siku mbili kwa juma. Tunajua siku zingine yuko shambani, juu anapaswa kula. Hatumhukumu. Ila mtoto yule hana kosa lolote, na mwaka wake haurudi. Tukisema haki, iwe haki ya wote wawili.

Kwa hiyo, sisi vijana wa Kibombo, baada ya kusikiliza walimu na wakubwa wa shule, tunaomba mambo haya. Tunayaomba kwa ofisi ya elimu ya hapa, kwa wasimamizi wa shule za makanisa na za waislamu, kwa wakaguzi, na kwa wizara kule Kinshasa.

Moja. Mwalimu asisaini karatasi tupu. Kuanzia mwaka huu, popote. Mkubwa anayeleta karatasi tupu, mwalimu airudishe kwa adabu.

Mbili. Asipewe pointi mwalimu ambaye hakuna aliyeingia darasani mwake. Kabla ya neno la mwisho wa mwaka, ziwe ziara za darasa zilizoandikwa tarehe, na maneno yaliyosemwa baada ya somo yabaki ndani ya kitabu cha ziara, mwalimu akiyaona.

Tatu. Mwalimu asome pointi zake, aandike jibu lake kama hakubaliani, na abaki na kopi.

Ine. Anayelalamika asikilizwe na mtu mwingine, siyo na yule yule aliyeandika. Sahihi ya mwalimu ihesabiwe kwamba ameona, isihesabiwe kwamba amekubali.

Tano. Wakubwa wa shule wafundishwe kazi ya kukagua, wapate pesa ya kuendesha shule inayofika kweli, na wao pia wapimwe kwa njia hiyo hiyo, na sauti ya walimu na ya komite ya wazazi ikisikika.

Sita. Walimu wa NU waingizwe kwenye orodha ya mishahara, na orodha hiyo ibandikwe ukutani, kila mtu aone nani ameingia na kwa nini.

Kati ya haya sita, matatu ya kwanza hayaombi hata franka moja kutoka Kinshasa. Hayangoji waziri. Yanaweza kuanza hapa Kibombo, shule moja kwa moja, mkubwa wa shule akisema tu: mimi ndiyo nitaanza.

Na sisi vijana tunaahidi nini? Tunaahidi kwamba hatutaweka jina la mwalimu ku mitandao, hata tukikasirika. Lile wazo tumelizika. Kumwanika mtu bila kumsikiliza ni kufanya sawa sawa na yule aliyejaza karatasi peke yake ofisini. Tunaahidi kufika kwenye mikutano ya wazazi, siyo kupiga kelele nje ya ua wa shule. Tunaahidi kunakili yale mafungu mawili ya mwaka 1966 kwa mkono, kwa kiswahili kinachoeleweka, na kuyapeleka kwa kila shule tutakayofikia. Mwalimu atakayeonewa kwa sababu amekataa kusaini karatasi tupu, tutakuwa pamoja naye, kwa amani, mpaka asikilizwe.

Tunamaliza na yule mzee. Tulipoaga, alimshika mwenzetu mkono, akamwomba msamaha mbele yetu. Halafu akaingia ndani, akatoka na karatasi na kalamu. Akaandika kwa mkono wake kwamba pointi zile za mwaka ule aliziweka bila kuingia darasani. Akaweka sahihi chini, akampa. Hatujui kama ofisi itapokea karatasi ile. Mwenzetu ataipeleka Kindu, na tutamsindikiza. Lakini tuliona kitu: mtu mzima, ambaye hakuna aliyemlazimisha, alijaza karatasi kwanza, na alisaini baadaye.

Njo hivyo tunaomba inchi yetu ifanye. Ijaze kwanza, isomwe, halafu isainiwe.

Mwalimu wa Kibombo aheshimiwe, na mtoto wa Kibombo asome.